Mshale Uliosimama Ishirini na Nne

Matisi, Kitale
Ijumaa jioni

Mwanangu Nekesa,

Mambo ya blanketi, ya chakula na ya nani wa kumpigia simu ukiugua, mama yako amekuwa akikupangia tangu Jumatatu, nami sitayarudia. Nimemsikia akikufundisha kupika mboga ambazo umezipika tangu darasa la tano, na wewe ukiitikia kana kwamba ni habari mpya. Ulifanya vizuri. Mimi nakuandikia jambo moja ambalo mama yako hawezi kukuambia kwa sababu si lake. Ni langu, na nimekaa nalo miaka kumi na tisa.

Kesho unaenda Bungoma kufanya kazi kwenye kibanda cha mzee Wafula. Unamjua kama fundi wa AC za magari aliyekuita kwa sababu macho yake hayasomi tena vibandiko vya chini ya boneti, na kwa sababu magari ya gesi mpya yameanza kufika kwake naye hataki kuyaharibu. Unajua pia kwamba mimi na yeye tulikulia boma moja kule Bokoli. Usilolijua ni kwa nini hujawahi kumwona akinywa chai hapa kwetu. Ukiwa kidato cha pili uliniuliza, nikakujibu kwamba watu huwa na shughuli nyingi. Halikuwa jibu. Bungoma kuna watu walioshuhudia yaliyotokea, na mmoja wao atakusimulia kabla wiki haijaisha. Nataka uyasikie kwangu kwanza, na uyasikie yote.

Itabidi nianzie mlimani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu tulipoambiwa kwamba shamba tulilokuwa tukililima chini ya msitu si letu tena. Tulishuka na kitanda kimoja, sufuria mbili na jiwe la kusagia, ambalo kukhu wako, yaani mama yangu, alikataa kuliacha ingawa watu walimwambia mawe yako kila mahali. Baba yake Wafula hakuwa ndugu yetu. Alikuwa amewahi kusali na babu yako kwenye mkutano wa kanisa, basi. Alitupa jiko lake tulale, akahamishia moto wake nje, na baada ya mavuno akatukatia kona ya shamba tujenge.

Kukhu wako, huyo Nekesa uliyerithi jina lake na ndiyo maana nikikasirika bado nakuita mama, hakuwahi kuizoea Bokoli. Alikuwa na lalamiko moja lililotuchekesha sisi watoto. Alisema maharagwe ya huku yanaiva upesi mno. Kule kwetu sufuria ya maharagwe ilimaliza kuni nne. Huku tatu zilitosha, na ile ya nne alibaki ameishika mkononi. "Hata maharagwe yamesahau kwetu," alisema. Tulicheka sana. Liweke akilini hilo la kuni, nitalirudia.

Sasa nikuambie kitu kuhusu mtu aliyehamishwa. Anaishi kwa kupokea. Nilivaa shati la Wafula, nikasomea daftari ambalo Wafula alikuwa ameandika kurasa za mbele, nikalala chini ya blanketi la bibi yao. Hakuna hata siku moja ambayo watu wale walinisimanga. Lakini mimi nilijifunza, bila kufundishwa na mtu, kukiinua kila nilichopewa kwenye mwanga na kutafuta tundu. Shati: mwanya uko wapi? Blanketi: panya wamekula upande gani? Nilikuwa na hakika kwamba kizima kimebaki ndani ya nyumba na mimi nimetolewa kilichochakaa. Mara nyingine ilikuwa kweli, maana ndivyo nguo za kupewa zilivyo. Mara nyingi haikuwa kweli, na bado nilitafuta. Watu husema mimi ni hodari wa kugundua mahali gesi inapovuja. Nadhani huo uhodari niliutoa huko.

Mimi na Wafula tulitahiriwa msimu mmoja. Unajua maana yake kwetu: tukawa bakoki, watu wa rika moja, na mtu wa rika lako anaruhusiwa kukutania hata mbele ya wakwe zako. Baadaye yeye akabaki Bungoma kujifunza umakanika na mimi nikashuka Mombasa. Huko ndiko nilikojifunza hii kazi yetu, kwenye gereji iliyokuwa karibu na bandari, ambako mtu akikosa AC anaiona kama amekosa mkono. Nilikaa miaka kumi na minne. Nilinunua vitabu vya mitumba vya ufundi na kuvisoma mpaka vikaachia kurasa. Gereji ilipofungwa nilirudi juu na mke, vitabu na geji zangu. Sikuwa na pampu ya kunyonyea hewa.

Wafula alikuwa na mbili. Alikuja mwenyewe Kitale na moja ndani ya gunia, akaiweka kwenye benchi langu na kusema, "Hii ni yako. Usiniulize." Akanywa chai, akamtania mama yako kwamba amemwona mwanamume wa mwisho aliyebaki Mombasa akamchukua, akarudi kwake.

Watu walinicheka kufungua kibanda cha AC hapa. Nani anataka baridi Kitale, mji ambao watu huvaa sweta mchana? Lakini wewe umekulia kibandani, unajua jibu. Barabara ya Lodwar inaanzia hapa. Kila gari linaloshuka Turkana hupita mbele yetu, na dereva mwenye akili hupoza gari lake kabla hajafika bonde la Marich.

Unajua kazi, lakini niiandike kwa sababu kosa langu limo ndani yake. Kujaza gesi huanza kwa kuondoa. Unatafuta tundu, unaziba, kisha unafunga pampu na kunyonya hewa na unyevu wote uliomo kwenye mabomba, mshale wa geji unashuka chini ya sifuri. Ndipo unaweka mtungi kwenye mizani na kuingiza gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Mombasa mshale ulishuka mpaka inchi ishirini na tisa za zebaki na zaidi. Vitabu vyangu vilisema hivyo hivyo: usipofika karibu na ishirini na tisa, ama kuna mahali panavuja ama pampu ni mbovu.

Nilipoifunga pampu ya Wafula kwenye gari la kwanza hapa Kitale, mshale ulishuka vizuri, ukapunguza mwendo, ukasimama ishirini na nne.

Nikasubiri. Nikabadilisha mpira wa geji, nikakaza kila nati. Ishirini na nne. Gari la pili, la tatu, la kumi: ishirini na nne, kana kwamba mtu ameupigilia msumari. Nilimpigia Wafula nikamuuliza pampu hii ilikuwa ikifika wapi kwake. Akafikiri kidogo. "Ishirini na tano hivi. Mimi sijui vitabu, Simiyu. Najua gari lilikuwa likitoa baridi."

Ishirini na tano, na kitabu kinasema ishirini na tisa. Kwangu hapo ushahidi ulikuwa umekamilika. Ilikuwa mbovu tangu kwake, na sasa inazidi kufa. Lakini sikusema neno. Nilifanya kile anachofanya mtu aliyezoea kupewa: nikanyamaza, nikaanza kufidia.

Namna nilivyofidia ni aibu, nawe unaweza kuitumia kama onyo. Kwa kuwa niliamini hewa imebaki ndani, niliingiza gesi kidogo na kuifungulia itoke kwa kasi, ili isukume hewa mbele yake. Nikarudia mara tatu kwa kila gari. Niliita kuosha. Gesi yote ile ilienda mbinguni, na siku hizo hakuna aliyetuuliza. Nilichosahau, mimi msoma vitabu, ni kwamba gesi ikitoka kwa kasi hubeba oili. Oili ndiyo uhai wa kompresa, chombo kinachoisukuma gesi. Nilikuwa nikiosha magari ya watu mpaka yanakauka.

Mengi yalivumilia. Gari la Ekai halikuvumilia. Ekai alikuwa dereva mwenye pikapu ya milango minne, mtu mpole aliyekuwa akinisalimia kwa kugonga bati la kibanda. Nilimjazia gesi Jumatano. Alhamisi akashuka Lodwar na mkewe na mtoto wa miezi mitatu, na walipopita Kainuk kompresa ikakaza, ikakata mkanda, na mkanda huo huo ndio uliokuwa ukizungusha pampu ya maji ya injini. Walikaa kando ya barabara kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Mkewe alimfunika mtoto kwa kanga iliyoloweshwa maji ya kunywa, mpaka maji yakaisha. Lori likawabeba. Mtoto alipona, leo ni kijana mrefu kuliko mlango, namwona sokoni. Lakini Jumatatu Ekai alikuja kibandani, hakugonga bati, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, nilikupa gari likiwa na joto tu. Sikukupa likiwa bovu." Akaketi akisubiri maelezo. Palikuwa na mafundi sita na wateja.

Siku hiyo hiyo, kwa bahati yangu mbaya, Wafula alikuwa amekuja Kitale kununua mpira wa maji, akapita kunisalimia. Aliingia akicheka. Nikamwonyesha kidole mbele ya wote.

"Mwulizeni huyu," nikasema. "Alinipa pampu iliyokufa, akabaki na nzima."

Watu wakacheka, kwa sababu walijua sisi ni bakoki na wakadhani ni utani. Wafula naye akacheka. "Hata wewe ulizaliwa umekufa nusu," akasema, "na bado tunakutumia."

Pale palikuwa na mlango, Nekesa. Alikuwa amenifungulia mlango wa kicheko nipite, na ningepita yangeisha. Badala yake nikasema sitanii. Nikasema, "Mmetulisha makombo tangu siku tuliyofika kwenu."

Sijui kama nilipanga kusema hivyo. Kilikuwa ndani muda mrefu, na kilitoka kwa kasi, kikabeba kila kitu.

Hakuna aliyecheka tena. Wafula aliutua ule mpira wake chini, akaniangalia, akasema polepole, "Hiyo ya pampu nimesikia. Hiyo ya makombo, siku moja utakuja uirudie mbele ya kaburi la baba." Akauokota mpira wake, akatoka. Ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa umeketi kwenye tairi kuukuu ukila muwa, na mama yako anasema uliuliza kwa nini mjomba hakukuaga.

Ekai nilimwekea kompresa nyingine. Pampu sikuirudisha na sikununua nyingine upesi. Nilizidi kuitumia huku nikiitukana. Hapo napo jiulize baba yako ni mtu wa namna gani.

Miaka saba ikapita namna hiyo. Halafu akaja mwalimu wa fizikia, mama mmoja mfupi aliyekuwa amehamishiwa shule ya wasichana hapa karibu. Kioo cha gari lake kilikuwa kikijaa ukungu msimu wa mvua na AC haikuukausha. Hakuwa mtu wa kuketi kwenye kiti cha wateja. Alisimama nyuma yangu akitazama. Mshale ukashuka, ukasimama. Nikaomba radhi kwa niaba ya pampu, kama nilivyozoea. Nikamwambia nilipewa na mtu hivyo hivyo, ni mbovu, haijawahi kufika ishirini na tisa.

"Ishirini na tisa ya wapi?" akauliza.

Nikamwambia ya kitabu. Na ya Mombasa.

"Mzee, na hapa ni Mombasa?"

Akaniuliza kama nimewahi kupika maharagwe Mombasa. Nikasema mke wangu alipika. "Na yalichukua muda sawa na ya hapa?" Akanieleza kwamba hapa tuko juu, na hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ile inayomkalia mtu wa pwani. Kwa sababu hiyo maji hapa huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharagwe hukawia. Geji nayo hupima kuanzia hewa ya pale ilipo. Sifuri yake ni hewa ya Kitale. Ukishainyonya yote umeimaliza, na hewa ya Kitale yote ni inchi ishirini na nne. "Hata ungeleta pampu ya ndege," akasema, "haiwezi kutoa kisichokuwepo. Pampu yako ni nzima. Aliyekupa alikupa kitu kizuri."

Aliondoka na gari lake likiwa linatoa hewa kavu. Mimi nilibaki nimeshika geji. Sikumfikiria Wafula kwanza. Nilimfikiria kukhu wako, ambaye hakusoma hata darasa moja, amesimama jikoni Bokoli na kuni ya nne mkononi. Alikuwa ameipima tofauti hiyo hiyo kwa kuni, miaka mingi kabla yangu, na akatuambia kila jioni. Alipima sawasawa. Sisi tulicheka, na mimi nikakua, nikaenda pwani, nikapanda na namba ya bahari mpaka mlimani, nikaifanya sheria ya kumhukumia rafiki.

Sasa utauliza kwa nini sikupanda gari jioni ile ile nikaenda Bungoma. Ni mwendo mfupi. Nilijiambia nitaenda mvua ikikatika. Mvua ikakatika. Mwishowe nilinunua jogoo, mwekundu, mzito, jogoo wa kuchinjiwa mkwe, nikampa mtu anayeenda Bungoma ampelekee Wafula na salamu zangu. Salamu tu. Sikutaja pampu. Nilitumaini jogoo atasema.

Jogoo alirudi baada ya siku mbili, mguu umefungwa kwa kamba mpya, na aliyemleta alikuwa na ujumbe wa maneno manne: "Kuku hajui kuomba msamaha."

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na jogoo yule aliishi hapa miaka miwili akiniamsha alfajiri kana kwamba ametumwa kazi hiyo.

Tangu hapo ni kimya. Pampu niliiosha, nikabadilisha oili yake, nikaacha kuitukana. Hata wewe ulijifunzia pampu hiyo. Nadhani unakumbuka nilivyokufundisha: usiutazame mshale ulipofika, funga koki uone kama unakaa. Nusu saa. Ukikaa, mabomba ni mazima. Ukipanda, kuna tundu au kuna maji. Wewe ulidhani hayo yametoka kitabuni.

Nawe umenifundisha zaidi. Nataka uende ukijua hilo, kwa sababu pale kwa Wafula watakuita msichana wa gesi na utadhani unakwenda kujaribiwa. Mwaka jana yule bwana wa gari jeupe alipofika, ana haraka ya harusi Webuye, na mdomo wa kujazia gesi ukakataa kiungo chetu, mimi nilikuwa nimeshachukua kile kiungo cha kuunganishia. Yeye akisema weka tu hiyo 134, ile gesi ya zamani, si gesi ni gesi. Akaongeza kwamba kuna fundi mahali humwekea gesi ya meko na gari linapoa vizuri, bana.

Ulifunika mdomo wa bomba kwa kiganja. "Baba, soma kwanza," ukaniambia. Ukamgeukia yeye: "Linapoa mpaka siku litakapowaka."

Nikavaa miwani nikasoma kibandiko. Ilikuwa ile gesi mpya, yenye oili yake na mizani yake, ambayo yenyewe inaweza kushika moto kidogo ikipata cheche, na ndiyo maana waliipa mdomo tofauti ili watu wenye haraka kama mimi wazuiwe. Bwana yule alienda harusini na vioo wazi, akilalamika. Wiki iliyofuata mtungi wake ulifika kutoka Eldoret, naye akarudi. Ulipima gramu zake kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Nilikaa kwenye lile tairi kuukuu nikakutazama, nikajiambia kwamba mimi maisha yangu yote nimekuwa nikiingiza kabla sijauliza ndani mna nini, na huyu anauliza.

Utakutana na magari ambayo mafundi watatu wameyatia gesi tatu, na mwenye gari haijui hata moja. Usiongeze ya nne. Toa yote kwenye mtungi wa taka, nyonya, anza upya. Hilo unalijua kuliko mimi.

Basi, mwezi uliopita mama yako alikutana na Wafula kwenye mazishi huko Webuye. Anasema amezeeka, anashika ukuta akitembea, lakini mdomo ni ule ule. Aliuliza habari zako. Akamwambia, "Mwambie mzee wako anitumie huyo msichana anayejua gesi. Na asimtume na kuku."

Uliletewa nusu ya kwanza ya ujumbe. Nusu ya pili mama yako aliniletea mimi chumbani.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na mpango. Ungeisoma njiani, ungefika kwa Wafula, ungemweleza kwa ile sauti yako ya utulivu kwamba baba amekiri, kwamba pampu ilikuwa nzima, kwamba tulipewa jiko na mtu aliyehamishia moto wake nje, na hayo si makombo. Ungekabidhi pampu. Angekupenda, kwani nani asingekupenda, na kwa ajili yako angenisamehe. Niliona ni mpango mzuri. Niliandika mpaka hapo juu kwenye kuku, nikaweka kalamu chini.

Ni jogoo yule yule, mwanangu. Nimemfunga kamba mpya tu. Ningekutuma wewe, mtu mzima uliyeitwa kwa ajili ya kazi ya mikono yako, uingie kwenye kibanda cha watu ukiwa umebeba mdomo wangu. Angekurudisha, au vibaya zaidi, asingekurudisha, na ungefanya kazi pale miaka yote kama fidia. Uliitwa kwa sababu unajua gesi. Nenda na hilo peke yake.

Kwa hiyo nimebadilisha. Kesho tutasafiri pamoja. Nimemwambia mama yako sasa hivi, nikidhani atashangaa. Amesema, "Koti lako nimelipiga pasi tangu jana," akaendelea kukunja nguo zako.

Sijui Wafula atanipokeaje. Alisema mbele ya kaburi, na mtu kama yeye hasemi ovyo. Kama itabidi twende Bokoli kwanza mimi na yeye, tutaenda, na nitasimama pale na kuyataja makombo kwa jina, nione yanavyosikika mbele ya mtu aliyehamisha moto wake. Kama atanifukuza, nitarudi na gari la jioni, na wewe utabaki kazini. Lake nawe halina uhusiano na langu. Lakini natumaini. Mtu aliyekata tamaa nawe hakukumbushi kuku baada ya miaka kumi na miwili.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako la vifaa. Isome kabla hatujafika Kiminini, kwa sababu tukiwa ndani ya gari sitaweza kuyasema haya yote huku unanitazama, na tukishafika nitahitaji kuyasema mbele ya mwingine.

Pampu iko karibu na mlango, ndani ya gunia, kama ilivyokuja. Nina ombi moja tu. Ikiwa ataturuhusu kuingia, ifunge wewe kwenye gari lolote litakalokuwepo. Bungoma ni chini kuliko hapa. Mshale utapita ishirini na nne, uende ishirini na tano na kidogo, pale pale aliponiambia na mimi nisimwamini. Funga koki, uuache ukae. Macho yake hayaioni tena geji. Nitasimama kando yake nimsomee mimi.

Babako,
Simiyu